Maji ya Kwanza

Mtaa mzima ulimwita Mtakatifu, na hakuna aliyekuwa anamsifu. Alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu, rafu za mbao zenye nguo za wateja zilizokunjwa pembe kwa pembe, na harufu ya sabuni, wanga na mkaa ambayo ilimfuata hata akienda sokoni. Shati likipelekwa kwake limekata tamaa lilirudi lina msimamo. Wapo wanaume mtaani petu ambao heshima yao yote ilikuwa kwenye kola alizowapigia pasi. Ukiwavua shati hawabaki na cha kujitetea.

Jina lilitokana na beseni. Mabeseni alikuwa nayo mengi, ya plastiki, ya kila rangi ambayo plastiki huwa nayo ikichoka. Lakini moja lilikuwa la bati lenye enameli nyeupe na ukingo wa buluu, nalo lilitundikwa ukutani kwenye msumari wake peke yake, kama picha ya mkuu wa nchi. Hilo lilikuwa la kanisa. Ndani yake zilifuliwa nguo za kanisa tu: kitambaa cha madhabahu, joho la mchungaji, na vile vitambaa vidogo vya kufutia kikombe. Uani kulikuwa na kamba ya kanisa, na ole wake aliyeanika soksi pale. Hata pasi ya kanisa ilikuwapo, na haikuwahi kugusa suruali ya mtu.

"Mtakatifu," muuza mkaa wa nyumba ya pili alimwuliza siku moja, akiwa amejiegemeza mlangoni na kuacha alama yake kwenye fremu, "suruali yangu ikiokoka, utaianika kwenye kamba ile?"

"Aokoke kwanza mwenye suruali," dobi alijibu bila kuinua macho. "Na ondoa bega lako kwenye mlango wangu."

Habari yenyewe ilianza ujanani. Alimsikia mwinjilisti mmoja wa kupita akihubiri juu ya ile amri ya kitabu cha Mambo ya Walawi, kwamba watu wawe watakatifu kwa kuwa Mungu wao ni mtakatifu. Mahubiri yalipokwisha akamfuata kumwuliza utakatifu ni kitu gani hasa. Mwinjilisti alikuwa na safari. Akamwambia: "Takatifu ni kilichotengwa, ndugu yangu," akapanda gari. Mtu mwingine angelichukua neno hilo akaliweka pamoja na maneno mengine ya mahubiri, mahali yanapowekwa. Dobi alikuwa mtu wa kazi. Akarudi nyumbani kutafuta cha kutenga. Nyeupe na za rangi alikuwa anazitenga tayari, kwa hiyo akanunua beseni.

Baada ya beseni ilifuata kamba, baada ya kamba pasi, na mwisho wa yote yakawa maji. Bomba la uani lilitoa maji siku lilipojisikia. Siku hizo dobi alijaza pipa lake, na maji ya pipa yalikuwa na mpangilio ambao haukuvunjwa. Maji ya kwanza yalikuwa ya kanisa. Yakishasuuza vitambaa vya madhabahu, yalihamia kwenye mashati meupe ya wateja, kutoka hapo kwenye nguo za rangi, na yalipofikia unene wa uji mwepesi yakapewa nyumba. Nyumba maana yake ilikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili, mwanamke mcheshi mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Kwa miaka mingi alivaa magauni yaliyofuliwa kwa maji yaliyokwishapita kwenye makwapa ya mtaa mzima. "Gauni hili linamfahamu kila mtu hapa," alikuwa akisema. "Mkitaka habari za mtu, liulizeni." Watu walicheka, na dobi naye alitabasamu. Mzaha wa namna hiyo ukirudiwa kila mwaka huwa malalamiko, lakini hakuna aliyekuwa anauchunguza.

Kisha kiharusi kikamwangusha jikoni, kikachukua upande wake wote wa kushoto na nusu ya kicheko. Wakamlaza kitandani chumba cha ndani, na mdogo wake wa kike akafunga mizigo akaja kumuuguza. Huyu shemeji wa dobi alikuwa mwembamba, asiyependa maneno mengi, na hakumwogopa mtu.

Dobi hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kueleza habari zake kama angekuwa mbaya. Alimlisha mkewe uji kwa kijiko, taratibu, akimfuta kidevu. Alimchana nywele, jambo ambalo wanaume wa mtaa wetu walilijua kwa sababu wake zao waliwasimulia kwa sauti ya kuchoma. Alinunua dawa zote alizoandikiwa. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakufua mashuka yake. Mgonjwa aliyelala siku zote hana namna, mashuka yake huchafuka kwa uchafu wa mwili, na dobi alijiwekea sheria kwamba siku za nguo za kanisa mikono yake ni ya madhabahu. Kwa kuwa nguo za kanisa hazikuwa na siku maalumu, mikono yake ilikuwa ya madhabahu wiki nzima. Mashuka alifua shemeji, kwa maji yaliyofika nyumbani, na maji yaliyofika nyumbani tumekwisha kuyaeleza.

Vidonda vya kulalia vilianza kiunoni. Muuguzi wa zahanati, mama mnene mwenye haraka, alikuja akamgeuza mgonjwa, akatazama, akanyamaza kidogo. Watu wa kazi ile wakinyamaza kidogo, jua mambo yamezidi.

"Nani anafua hapa?" akauliza.

"Mimi," akasema shemeji.

"Mimi ndiye dobi," akasema dobi, maana swali liligusa taaluma.

Muuguzi akawatazama kwa zamu. "Sikilizeni. Dawa mnazo. Kinachokosekana ni maji safi na shuka kavu, na kumgeuza. Vidonda hivi havitibiwi kwa kijiko. Mkiendelea na maji haya," akaelekeza kidole kwenye ndoo ya kijivu iliyokuwa mlangoni, "sumu itaingia kwenye damu, na hapo msinitafute mimi, mtafuteni mchungaji."

Dobi akaitikia kwa kichwa. Akamsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru, akarudi kupiga wanga joho.

Jioni ile mkewe alimwita. Maneno yake yalitoka polepole, yakiburuta upande mmoja kama mguu wake.

"Mtakatifu."

"Naam, mama."

"Mji mzima unalala kwenye mashuka yako. Mwenye duka. Mwenye baa. Yule bwana wa ardhi asiyelipa."

"Analipa. Anachelewa tu."

"Mimi sijawahi. Nataka shuka moja. Ulifue wewe, kwa maji ya kwanza. Ulipige pasi. Nililalie."

Dobi akakuna kichwa. Akaeleza habari ya maji ya kwanza kana kwamba mkewe alikuwa mgeni aliyeshuka jana. Akataja amri. Mwanamke akafumba jicho moja, lile lililokuwa bado linamtii.

"Hiyo amri nimewafundisha watoto miaka yote," akasema. "Wewe uliishia mstari wa mwanzo. Endelea mbele. Mungu anasema muwe watakatifu, halafu anaanza kuzungumzia nini? Wazazi. Mabaki ya mavuno, aachiwe maskini. Kibarua, ujira wake usilale kwako. Kiziwi usimtukane. Kipofu usimtegee cha kumkwaza. Mwenzako akiwa hatarini usisimame ukitazama." Alipumzika kupata pumzi. "Nimelitafuta beseni humo, mume wangu. Sijaliona."

"Kuna habari za nguo humo," dobi alisema kwa sauti ndogo.

"Zipo. Usivae nguo ya nyuzi za aina mbili."

Dobi alijua, kuliko mtu yeyote kanisani, kwamba kitambaa cha madhabahu kilikuwa nusu pamba na nusu ile nailoni ambayo pasi ikizidi moto hunywea.

"Hilo ni Agano la Kale," akasema hatimaye.

"Na la beseni ni agano gani?"

Akacheka kwa nusu ya kicheko iliyobaki, na dobi naye akajikuta anacheka, na kwa muda mfupi chumba kile kilikuwa kama zamani. Akamwahidi. Shuka moja, maji ya kwanza, pasi. Akamshika mkono wa kulia akasema, "Acha tu Askofu apite."

Maana Askofu alikuwa anakuja. Hakuwahi kuja tangu kanisa liezekwe bati jipya, na sasa Jumapili ile angekuja. Mzee wa kanisa, mstaafu wa posta aliyezungumza kana kwamba kila neno limebandikwa stempu, alileta magunia ya nguo: vitambaa vyote, joho, majoho ya kwaya nzima, hata mapazia ya chumba cha kuvalia ambayo hayakuwahi kujua maji. "Ndugu, kanisa linakutegemea," akasema. Dobi hakulala vizuri kwa furaha.

Bomba lilikuwa kavu. Lilitoa maji Ijumaa tu, maji membamba kama uzi, na pipa likajaa mchana kutwa kwa kudondokewa. Kisha bomba likakauka tena. Mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Wenye mikokoteni ya maji nao walikuwa wamekaa juu ya madumu matupu wakipiga soga.

Shemeji alitoka chumba cha ndani na ndoo tupu. Mgonjwa alikuwa na homa tangu alfajiri.

"Shemeji, nipe ndoo moja."

"Subiri kidogo. Nikimaliza vitambaa."

"Ukimaliza vitambaa utaingiza kwaya. Baada ya kwaya mapazia. Mimi nitapata tope. Anachemka yule, na shuka limegandamana na mgongo. Nataka maji haya haya, kabla hayajaingia kitu."

Dobi alisimama kati yake na pipa. Sidhani kama alijua kwamba amesimama hivyo. "Maji ya kwanza si yangu nikayatoa, shemeji. Ningekuwa na yangu ningekupa yote."

"Ni ya nani?"

"Ya Mungu."

"Ana kiu?"

Dobi akainamia beseni jeupe, akaanza kusugua kitambaa cha madhabahu kwa vidole vya uangalifu mno, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Shemeji alimtazama mgongo wake kwa muda, kisha akatoka na ndoo yake.

Akagonga kwa muuza mkaa. Huyu alikuwa na dumu la maji ya kunywa lililofika nusu, na hakuwa mtu wa ukarimu wa kusimuliwa. Alinung'unika. Aliuliza kama dobi amekufa. Aliposikia hajafa, alitukana kidogo, kisha akamimina karibu yote kwenye ndoo, kwa mikono iliyoacha vidole vyeusi kuzunguka mdomo wa ndoo.

"Uisafishe na ndoo yangu," shemeji akasema.

"Niisafishe kwa nini? Maji yako ndani." Akasita. "Dada, mwambie mama jirani namsalimu. Mwambie suruali yangu bado haijaokoka."

Maji yale yalitosha kumlegezea shuka mgongoni na kumfuta uso. Kulifua shuka hayakutosha. Mgonjwa alipoambiwa salamu za suruali, mdomo wake ulitikisika upande mmoja.

Jumapili dobi aliamka mapema, akajikaza kisabuni, akamlisha mkewe vijiko vya uji ambavyo havikumezwa. "Leo inaisha," akamwambia. "Kesho maji yakitoka, ya kwanza ni yako." Mkewe alimtazama kwa lile jicho linalotii.

Ibada ilikuwa kama alivyoiota. Weupe wa madhabahu uliumiza macho. Mikunjo ya kitambaa ilishuka ikiwa imenyooka kama imechorwa, na Askofu alipofika katika mahubiri, yaliyokuwa juu ya utakatifu, alisimama akanyoosha mkono kuelekea meza ile. "Tazameni," alisema. "Mkitaka kujua moyo wa kanisa, tazameni nguo zake." Watu waligeuka kumtafuta dobi. Ilikuwa saa yake. Joto lilikuwa kali, na Askofu akachukua kitambaa kimojawapo cha kikombe, akajifuta jasho la paji la uso na la shingo, akakikunja ovyo na kukiweka kando ya Biblia.

Dobi bado alikuwa anakitazama kile kitambaa kilichokunjwa ovyo alipomwona shemeji mlangoni. Mtandio ulikuwa umekaa upande, na miguuni hakuwa na viatu. Shemeji hakuita. Alimpungia mkono mara moja, kumwambia njoo.

Dobi aliinua kiganja, kile anachowainulia wateja wakija kabla nguo hazijakauka. Subiri. Ilikuwa imebaki baraka tu.

Alisubiri baraka, akaipokea ameinamisha kichwa. Alipogeuka mlango ulikuwa mtupu. Akaenda nyumbani kwa mwendo wa haraka ambao haukuwa mbio, akakuta kandambili na viatu vya majirani vimekwisha kujipanga mstari kizingitini, na kilio.

Wanawake walimtoa mle chumbani ili wamwoshe marehemu. Dobi alikaa kwenye kigoda chumba cha mbele, chini ya rafu zake. Mabeseni ya plastiki yalikuwa uani, yote yamejaa maji ya mapazia, meusi. Mmoja wa wanawake akauliza maji waliyochanga majirani wayatie wapi. Shemeji alitoka, akapita mbele ya dobi, akafika ukutani, akalitungua beseni jeupe kwenye msumari.

Mdomo wa dobi ulifunguka wenyewe. Sina sababu ya kuamini kwamba alikusudia.

"Hilo ni la kanisa," akasema.

Wanawake wote walisimama. Hata aliyekuwa analia alikatiza. Shemeji hakupepesa macho.

"Ninajua," akasema. "Ndiyo maana ni safi."

Akaingia nalo ndani, akafunga mlango. Dobi akabaki anatazama msumari.

Wiki ya mazishi iliisha, watu wakarudi kwenye shughuli zao, na bomba, kwa ukatili wake wa kawaida, likaanza kutoa maji kila siku. Shemeji alibaki kwa ajili ya kupanga vitu vya dada yake. Asubuhi moja mzee wa kanisa alikuja na gunia, akamkuta dobi uani ameinamia beseni jeupe. Ndani yake kulikuwa na shuka la maua, kuukuu, limeingia manjano ya aina ambayo mzee hakutaka kuichunguza. Maji yalikuwa meupe, ya kwanza. Dobi alikuwa amekwisha kulisugua, kulitia dawa na kulisuuza, na sasa alikuwa anatia buluu ya kung'arisha nguo.

"Ndugu, poleni tena," mzee akasema. "Nimeleta nguo za Jumapili."

"Ziweke. Kuna nguo nilipokea kabla ya hizi."

Mzee akaliweka gunia chini. Dobi ndiye aliyeanza. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba ana jambo la kukiri mbele ya wazee: beseni la kanisa limeosha maiti, na sasa linafua shuka la nyumbani, na kama wazee watataka lingine atanunua.

"Beseni gani la kanisa?" mzee akauliza.

"Hili."

Mzee alilitazama kwa uso wa mtu anayeonyeshwa kifurushi kisicho na anwani. "Sisi hatuna beseni, ndugu. Sisi tunaleta nguo tu." Akafikiri, kwa nia njema kabisa. "Ungeweza kufulia kwenye lolote. Nani alikwambia?"

Dobi aliitazama mikono yake iliyokuwa ndani ya maji. Kisha akalikamua shuka, akalianika kwenye kamba iliyokuwa ya kanisa, na mzee akaenda zake akiwaza kwamba msiba umemchanganya.

Shuka lilipokauka alilipiga pasi, ile pasi isiyogusa suruali. Alilipiga kwa wanga mwepesi, upande wa ndani kwanza, mpaka maua yakaonekana kama yamerudishiwa umri. Akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka kwenye rafu kati ya nguo za wateja zinazosubiri kuchukuliwa. Likakaa hapo. Kila maji yalipotoka, alilishusha likiwa safi vile vile, akalifua la kwanza, akalirudisha. Wateja wakiliulizia aliwaambia mwenyewe hajaja. Shemeji aliangalia mchezo huu mara chache akaona unakoelekea.

Siku aliyofunga mizigo yake, muuza mkaa alikuja mlangoni, safari hii bila kuegemea. Mama yake mzee alikuwa ameanguka, nyonga haimwinui tena, na amelala juu ya gunia. Hakuomba kitu, alikuja kuuliza tu dada alikuwa anamgeuzaje mgonjwa. Shemeji akamweleza. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua shuka la maua.

"Shemeji, hilo..." dobi akaanza.

"Hili linakwenda kulaliwa."

"Litachafuka."

"Ndiyo."

Muuza mkaa aliipangusa mikono yake kwenye suruali, jambo ambalo halikuisaidia mikono wala suruali, akalipokea juu ya viganja viwili. Dobi alilitazama mpaka lilipovuka kizingiti. Kisha akaita kwa sauti iliyokwaruza:

"Likichafuka ulilete. Usilifue kwenu. Utaliharibu."

"Nitakulipa nini?"

"Lilete, bwana, maswali ya nini?"

Lilirudi likiwa limechafuka vibaya, na likarudi tena, na tena, pamoja na ndoo tupu ya mama mzee, ambayo dobi aliijaza kutoka pipani kabla hajagusa nguo yoyote. Nguo za kanisa sasa hufuliwa na mashine ya mke wa mchungaji. Zinatoka na ukijivu kidogo, na hakuna aliyelalamika. Mtaa bado unamwita Mtakatifu, na muuza mkaa ndiye anayemwita kwa sauti zaidi, akisimama mlangoni na mzigo wake unaonuka: "Mtakatifu! Shuka lako!"

Dobi hulipokea kwa mikono miwili, hulifungua kwenye mwanga kutafuta madoa, kisha hulizamisha kwenye beseni jeupe. Mama mzee amelilalia mara nyingi, na mgongo wake mpaka leo hauna kidonda. Mkewe hakulilalia likiwa safi hivi hata mara moja.